Ukoka umeshika, jamani!
Waliofika kwangu Pasua masika ya mwaka jana wanaikumbuka ile hali: mvua inakatika asubuhi, jioni maji bado yametuama mbele ya baraza na vyura wanaimba. Udongo wetu huku chini ya Moshi ni mfinyanzi, halafu malori ya kokoto yaliushindilia wakati wa ujenzi.

Mzee anayenisaidia bustani alichimba shimo la futi moja, akalijaza maji. Kesho yake yalikuwa bado yamo. "Mama, ukipanda ukoka hapa utaoza tu."

Kila jirani ananiambia mwaga mchanga. Mzee akakataa katakata: mchanga kidogo kwenye mfinyanzi, ukikauka unakuwa sakafu. Tukangoja udongo ubaki na unyevu kidogo, tukautifua kwa uma, tukachanganya samadi iliyooza vizuri na pumba za mpunga tulizozivundika kwanza. Mteremko tukauelekeza mbali na ukuta, pembeni mtaro wa kokoto. Huo mtaro ndio uliokula hela!

Kona ya geti bado inatuama kidogo. Hapo nimepanda magimbi, na yanastawi kweli.