Kiti cha Mkiani

Binti yangu anaunganisha mezani Lancaster ya plastiki, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu katika Vita Kuu ya Pili, amefika kwenye kibanda cha mkiani kinachozunguka, chenye bunduki nne na kiti cha mpiga bunduki. "Baba, huyu wa hapa anatokea mlango gani?"

Mimi nililiuliza swali hilo Lincolnshire, Uingereza, kwenye makumbusho ambako kibanda kizima cha namna hiyo, aina ya FN20, kilikuwa kimeshushwa sakafuni. Mzee aliyekitunza aliniambia nivue koti, nitangulize miguu. Nikakaa. Magoti yakagota vyuma, mabega yakajaa. Kulia bunduki mbili za Browning, kushoto mbili. Akafunga milango miwili midogo mgongoni kwangu, akasema kwa nje: "Parachuti yako iko huku."

Haikuenea ndani, ndiyo maana. Ndege ikishika moto, kwanza ukielekeze kibanda nyuma sawasawa, la sivyo milango haikutani na uwazi wa ndege. Ufungue, ujipinde, uvute parachuti, uipachike kwenye kulabu mbili za kifuani. Uchomoe waya wa nguo ya umeme, bomba la oksijeni na simu. Kisha ukizungushe kibanda hadi ubavuni, ujiangushe kinyumenyume. Yote hayo na glavu juu ya glavu, katika baridi iliyoweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Na nguvu ya kuzungushia ilitoka kwa injini ya nje ya kushoto. Ikifa hiyo, unazungusha kwa mkono.

Injini za Merlin na mabomu ya maonyesho nilivipita haraka.

Risasi za wapiga bunduki hao wa mkiani zilikuwa za milimita 7.7, ndege za Kijerumani za usiku zilibeba mizinga ya milimita 20, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuona mapema na kumpigia rubani kelele akwepe. Wengine waling'oa kioo cha mbele yao ili waone vizuri zaidi, baridi iingie itakavyo. Mimi nadhani nisingekitoa, lakini nilikuwa nimekaa chini ya taa.

Mwaka 1944 Rose Brothers wa Gainsborough, kiwanda cha mashine za kufungashia peremende, kilileta kibanda kipana zaidi, bunduki mbili za milimita 12.7, na mtu aliweza kuruka papo hapo. Ndege chache tu ndizo zilizokipata. Mzee aliyasema haya akinivuta mkono nitoke, na kwa kweli nilihitaji kuvutwa.