Mama wa saruji pale Nile Avenue

Noti zote za Uganda za toleo la 2010 zina picha ya sanamu ya uhuru. Kila siku tunanunulia rolex, ile chapati ya mayai, na kulipia boda, wala hakuna anayeitupia jicho. Leo nimepita Nile Avenue hapa Kampala kwa miguu, jua la saa nane likichoma kweli kweli, nikaamua kuiangalia yenyewe.

Ni mama wa saruji, mrefu, kaviringishwa mikanda mwilini kama mtu ambaye bado hajamaliza kufunguliwa. Kamwinua mtoto juu, na mtoto naye kanyoosha mikono. Aliyemuumba ni Gregory Maloba, kwa ajili ya uhuru wa Oktoba 1962. Maloba ni wa kwetu Mumias. Alisomea Makerere chini ya mwalimu wa sanaa Margaret Trowell, kisha akafundisha hapo hapo. Waganda wakinitania kwamba sisi Wakenya tumefuata biashara tu huku, huwa nawaelekeza kwa huyu mama.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba uso wake si wa mtu yeyote. Obote alipinduliwa 1971. Amin akatimuliwa 1979. Obote akarudi, akapinduliwa tena 1985, na mwaka uliofuata Museveni akaingia. Mama yupo tu. Hana chama, hana ukoo, nani angejisumbua kumwangusha? Angekuwa Obote amesimamishwa pale, sidhani kichwa kingeuona mwaka 1972.

Nikamkumbuka Thomas J Price, yule mchongaji Mwingereza. Mwaka 2023, nje ya stesheni kuu ya Rotterdam, alisimamisha mwanamke mweusi wa shaba, karibu mita 4, kavaa raba na nguo za mazoezi, mikono mfukoni. Hakumweka juu ya jukwaa. Kakanyaga chini kama wapita njia wengine. Naye si mtu fulani: Price huunda sura moja kutokana na sura za watu wengi. Mwaka 2025 alipoweka mwingine Times Square, New York, mikono kiunoni, watu walichachamaa mitandaoni. Huyu ni nani? Kafanya nini hata achongwe? Kana kwamba mwanamke lazima awe na cheti ndipo aruhusiwe kusimama mjini.

Hapo ndipo Maloba, pamoja na kumpenda kwangu, ananiachia kinyongo kidogo. Mama wake tangu 1962 yuko kazini, hajashusha mikono. Wanawake wa Price hawajabeba kitu, wala hawaombi radhi kwa hilo. Natamani Kampala tuwe na mmoja wa namna hiyo, mama wa mitumba wa soko la Owino labda, kakaa juu ya belo lake, kavua viatu, hana habari na mteja.

Nilimwambia hivyo mpiga picha mmoja aliyekuwa akitafuta wateja pale.

“Sasa dada, mtu amekaa tu hivyo,” akacheka, “nani atalipa apigwe naye picha?”

“Mimi,” nikamwambia. “Na mama yangu.”