Limau Usoni: Kosa Nililolirudia Mara Mbili
Nilipaka maji ya limau usoni ili nifute madoa ya chunusi, kisha nikatoka juani; kesho yake shavu la kushoto lilikuwa jekundu, likiwaka kama limepakwa pilipili, na likaacha doa jeusi kuliko lile la awali. Limau lina pH (kipimo cha uasidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ya karibu 2 ilhali ngozi ina takriban 5, na zipo kemikali ndani yake ambazo zikikutana na mwanga wa jua huunguza. Soda ya kuokea nayo (ndiyo, hiyo pia niliijaribu) hukausha. Sasa natumia sabuni laini isiyo na manukato, krimu ya peroksidi ya benzoili (dawa ya chunusi) ya asilimia 2.5 na losheni ya kukinga jua ya SPF 30, na kila kipya nakijaribu kwanza ndani ya kiwiko, nikisubiri siku mbili.