Kinundu kwenye kope la Shaba

Nilikigusa kabla sijakiona. Nilikuwa nampangusa Shaba, farasi wangu, usoni kwa kitambaa chenye maji, kidole gumba kikapita juu ya kitu kigumu kwenye kope la juu la jicho la kushoto, karibu na pembe ya nje. Kilikuwa kama punje ya mtama, na manyoya ya juu yake yamenyonyoka. Nikasema ni chunjua. Farasi wachanga hutoka sana chunjua midomoni na puani, na baada ya miezi kadhaa hupukutika zenyewe. Nilichosahau ni kwamba Shaba alikuwa na miaka tisa, na kwamba kope si mdomo.

Kwa miezi minne nikawa nakiangalia tu. Kikafika ukubwa wa harage. Ndipo mtu mmoja aliyefuga farasi kunizidi miaka mingi aliponiambia kitu kama hicho hufungwa uzi shinani. Damu ikikosa njia kinakauka na kuanguka. Nikafunga uzi. Siku ya sita kikaanguka kweli, nami nikajiona fundi. Wiki tatu baadaye pale pale palikuwa na donda jekundu laini, likitoka damu kila akijisugua, kubwa kuliko kinundu cha mwanzo. Pembeni yake, ndani ya nyama ya kope, kulikuwa na vinundu viwili vipya vilivyoteleza chini ya ngozi nikivibonyeza.

Daktari wa mifugo alilivuta kope taratibu, akalikagua na kope la tatu, lile la ndani, kisha akanigeukia. "Uzi ulifungwa lini?"

Sikuwa nimemtajia habari ya uzi. Niliomba ardhi ipasuke.

Akaniambia anashuku sakoidi, uvimbe wa ngozi unaowapata farasi kuliko uvimbe mwingine wowote wa ngozi. Unahusishwa na virusi vya papiloma vya ng'ombe, na nzi wanashukiwa kuvihamisha. Hauendi kwenye mapafu wala ini, unakula pale pale ulipo. Shida ni kwamba ukiuchokoza bila kuumaliza, kwa uzi, kwa kisu au kwa dawa ya kuchoma, unaweza kubadilika tabia: uliokuwa umelala miaka ukawa donda ndani ya wiki chache. Kumbe nilikuwa nimemwamsha aliyelala.

Alikuwa na shaka ya pili, kansa ya seli bapa za ngozi. Hiyo hupenda zaidi farasi wenye ngozi ya waridi kuzunguka macho, wale wanaochomwa na jua, na yenyewe inaweza kufika hadi kwenye tezi za limfu. Shaba ana ngozi nyeusi machoni, lakini kwa kuwa matibabu yanatofautiana, hakutaka kubahatisha. Akakata kipande kidogo kupeleka maabara, baada ya kuniuliza mara mbili kama niko tayari kuanza matibabu mara tu majibu yakirudi. Kukata kipande ni kuchokoza vilevile, alisema, na hawezi kuchokoza halafu nikapotea tena miezi minne. Majibu yakarudi: sakoidi.

Mimi nilitaka ukatwe wote, tumalizane. Daktari akanishika mkono na kunipitisha kidole kwenye kope la kulia, lile zima. "Niambie nikate wapi," akasema. Ni kweli, ngozi ya pale ni nyembamba na hakuna ya akiba. Ukikata kwa upana unaotakiwa ili mizizi isibaki, kope halifungi tena, na jicho lisilofungwa na kope hukauka na kuharibika. Ukikata kidogo, uvimbe unarudi. Kuugandisha kwa baridi kali kuna tatizo hilohilo la ukingo wa kope. Sisplatini ya kudungwa kwa sindano ndani ya uvimbe inafanya kazi, ila ni dawa ya kansa na ni hatari kwa anayeishika. Mionzi, kwa kupachika nyaya za iridiamu ndani ya uvimbe, ndiyo inayosifiwa sana kwa eneo la jicho, lakini inataka hospitali yenye vibali vyake, na farasi akae peke yake siku zote ambazo nyaya zimo mwilini. Kwetu haikuwezekana. Krimu za kuchoma, zile ambazo watu hupeana kwa siri kama dawa ya mapenzi, alizikataza kabisa karibu na jicho.

Ikabaki BCG. Nilidhani nimesikia vibaya: chanjo ya kifua kikuu, ile ya watoto wachanga, ndani ya kope la farasi? Ndiyo hiyohiyo. Ina bakteria hai waliodhoofishwa. Wakiingizwa ndani ya uvimbe, kinga ya mwili inakimbilia pale kupambana nao, na katika vurugu hizo uvimbe nao unashambuliwa. Kwa sakoidi za kuzunguka macho ina sifa nzuri. Miguuni haifai, inaweza hata kuuchochea uvimbe.

Tulipanga sindano nne: ya pili wiki mbili baada ya ya kwanza, zilizobaki zikipishana wiki tatu. Kila mara alianza na fluniksini, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, kwenye mshipa wa shingo pamoja na dawa ya kuzuia mzio, na adrenalini ikawekwa mahali pa kufikia kwa mkono mmoja. Mzio mkali, alinieleza, hutegemewa zaidi kuanzia sindano ya pili, mwili ukishaijua chanjo. Kisha dawa ya kumtuliza, mpaka Shaba akainamisha kichwa na mdomo wa chini ukaning'inia. Juu ya jicho, kwenye mfupa, kuna kijitundu unachoweza kukihisi kwa ncha ya kidole. Hapo ndipo alipochoma ganzi ya kope. Ganzi nyingine aliichoma karibu na sikio, ili asiweze kupepesa.

Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba kichwa begani. Kichwa cha farasi aliyelewa dawa ni mzigo, nawaambia. Daktari alinivisha miwani usoni na kunipa glavu, nikaona ni mbwembwe, hadi nilipoona kwa nini. Uvimbe ule ni mgumu, hauna nafasi ya maji. Alipokuwa anasukuma, kinundu kilivimba na kupauka, halafu tone moja likaruka kutoka kwenye donda na kutua kwenye kioo cha miwani yangu. Bakteria hai.

Siku mbili baadaye jicho lilikuwa limefunga kwa uvimbe. Baada ya sindano ya pili likaanza kutoa usaha, baada ya ya tatu vinundu vikapasuka, na harufu ikawa inanifikia kabla sijafungua mlango wa banda. Nilimpigia daktari simu mara tatu kwa wiki moja, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mara moja tu alikuja mbio, machozi yalipozidi, akaogopa nywele za kope zimegeukia ndani na kukwaruza konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Alitia rangi ya chungwa jichoni na kumulika kwa taa ya bluu. Kama pana mkwaruzo, panang'aa kijani. Hapakung'aa. Aliondoka na tyubu ya dawa ya macho niliyokuwa nimeihifadhi tangu zamani, kwa sababu ilikuwa na steroidi, na konea ikiwa na kidonda dawa ya namna hiyo huharibu kuliko kuponya.

Iliyonisumbua kuliko usaha ni kwamba Shaba aliacha kuniamini. Nikinyanyua mkono wa kulia tu, kichwa kinakwenda darini. Ikabidi nianze upya kama kwa mtoto wa farasi. Siku za kwanza nilipangusa upande wa jicho zima peke yake, kisha taya la upande mbaya, kisha shavu, naondoka kabla hajakasirika. Nilihesabu siku kumi na moja mpaka nikaruhusiwa kusafisha chini ya donda. Hapo nilikuwa napaka vaselini kwenye mfereji wa usaha ili ngozi isibabuke. Kitambaa kilikuwa chake peke yake, kinachemshwa, hakigusi farasi mwingine. Kinyago cha nzi cha kwanza kilikuwa kinasugua kope, nikakitupa na kutafuta chenye nafasi mbele ya macho.

Nilipiga picha kila Jumapili, rula ikiwa pembeni. Bila hizo ningekata tamaa, maana kwa macho ya kila siku hali ilionekana kuzidi kuharibika. Rula ilisema milimita 31 kabla ya kuanza, 44 baada ya sindano ya pili, na miezi mitatu baada ya ile ya mwisho, 9. Leo pana kovu lenye nywele nyeupe na mkunjo mdogo kwenye ukingo wa kope. Linafunga lote. Nimelala chini kabisa ya kidevu chake usiku na tochi kuhakikisha.

Mwezi uliopita, nikimsugua ndani ya paja la nyuma, kidole kikapita tena juu ya kitu kama punje ya mtama. Sikukibonyeza mara ya pili. Nilikwenda kuchukua rula.