Misiba mitatu ya David Lloyd

Kwa yeyote anayeandika maigizo ya kuchekesha hapa Dodoma, yawe ya jukwaani, ya redio au klipu za YouTube, mwandishi wa kumfuatilia kwanza ni David Lloyd. Mmarekani huyu alianza kwa kuwaandikia watangazaji wa vipindi vya usiku, Jack Paar, Johnny Carson na Dick Cavett, kisha katika miaka ya 1970 akaingia kwenye komedi: The Mary Tyler Moore Show, Taxi, Cheers, na baadaye Frasier. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 75. Ameacha kazi nyingi, ila zinazofaa kusomwa kwa utulivu ni episodi tatu za msiba, za mwaka 1975, 1984 na 1995.

Sisi tunao utaratibu wetu. Kicheko cha msibani kina mwenyewe, naye ni mtani. Mtani anakuja amevaa koti la marehemu, anamwigiza alivyokuwa akitembea, anazuia njia ya makaburini mpaka apewe chochote. Mfiwa anacheka huku machozi yanamtoka na hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa ruhusa ilikuwepo tangu enzi za mababu. Wahusika wa Lloyd hawana mtani. Kwa hiyo kila episodi inabidi ijibu swali lile lile: nani atacheka, na ruhusa ataitoa wapi?

Ya kwanza, "Chuckles Bites the Dust" ya The Mary Tyler Moore Show, ilirushwa tarehe 25 Oktoba 1975, ikiongozwa na Joan Darling. Lloyd alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa uandishi wake, na mwaka 1997 jarida la TV Guide liliiweka namba moja katika orodha ya episodi 100 bora za televisheni. Naona nafasi hiyo iliistahili.

Chuckles ni mchekeshaji wa watoto katika kituo cha televisheni cha WJM, Minneapolis. Amekwenda kuongoza gwaride la sarakasi akiwa amevaa vazi la karanga, na tembo mmoja akataka kumbambua maganda. Akafa. Sisi watazamaji hatuoni tembo, hatuoni gwaride wala maiti. Lou, bosi wa chumba cha habari, anaingia na kutoa taarifa kwa mdomo, basi. Ukijaribu kuionyesha ajali yenyewe, mtazamaji atamwonea huruma anayeumia na hutamchekesha tena. Ikisimuliwa, anabaki na picha ya karanga na tembo kichwani, na picha hiyo haimwagi damu.

Baada ya hapo Lloyd anawaachia Lou na wafanyakazi wa kituo, Murray na Sue Ann, wamalize utani wote wa tembo na karanga wakiwa ofisini. Mary, mhusika mkuu na mfanyakazi mwenzao, peke yake ndiye anayekasirika na kuwakemea. Hapa wengi wanaoiga hupita haraka wakidhani ni maneno ya kujazia muda, kumbe ndio msingi wa nyumba nzima. Mary anawekewa msimamo mbele ya mashahidi: kifo si cha kuchekwa. Asingewakemea wenzake, kicheko chake kanisani kingekuwa utovu wa adabu tu.

Ibada inapoanza, wale waliokuwa wakitania wamenyamaza, nyuso zimekunjamana kwa majonzi ya kweli. Mchungaji Burns anasimama kueleza maisha ya marehemu. Anawataja wahusika aliowaigiza: Peter Peanut, Mr. Fee-Fi-Fo, Billy Banana na Aunt Yoo-Hoo. Anayataja kama mtu anayetaja watoto walioachwa na marehemu. Kisha anaeleza jinsi hasimu wa Mr. Fee-Fi-Fo, aitwaye Señor Kaboom, alivyokuwa akimpiga kwa tango kubwa, naye akiinuka, akijipangusa vumbi na kusema ameumia foo-foo yake, neno la kitoto lisilo na maana. Mchungaji hatabasamu hata mara moja. Anatafuta fundisho la maisha ndani ya tango lile, na anaamini amelipata.

Mary anaanza na sauti ndogo inayoponyoka. Anaibana. Mchungaji anaendelea, sauti inaponyoka tena, vichwa vinageuka. Kati ya kicheko kimoja na kingine Lloyd anaweka maneno mazito ya mchungaji yanayompa Mary nafasi ya kujituliza, na sisi tunatulia naye. Bila nafasi hizo kicheko hakipandi ngazi. Kinatoka chote mara moja na tukio limekwisha. Mwishoni mchungaji anamsimamisha na kumwambia acheke kwa sauti, kwa kuwa Chuckles aliishi kwa ajili ya kuchekesha watu na hakupenda machozi. Ruhusa imetolewa hadharani, kama ile ya mtani. Mary anaangua kilio.

Lloyd haishii hapo. Baadaye wanakaa nyumbani kwa Mary wakizungumzia mazishi ambayo kila mmoja angependa afanyiwe, na Lou anasema yeye asisumbuliwe mtu, asimamishwe tu nje pamoja na takataka, kofia ikiwa kichwani. Tukio fupi, lakini ukilikata mtazamaji anaondoka na kilio badala ya komedi.

Anayetaka kujenga tukio la namna hii kwa mazingira yetu aanze na wasifu wa marehemu. Una mpangilio usiobadilika: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, kuugua, kufariki, ameacha mjane na watoto kadhaa. Uandike wote kwanza bila kichekesho, ukurasa mmoja wa mwandiko wa kawaida, ambao ukisomwa polepole hufika dakika mbili hadi tatu. Kisha badilisha mistari minne tu. Marehemu awe, kwa mfano, mcheza ngoma aliyejulikana kwa majina ya jukwaani, na msemaji wa familia ayasome kwa heshima ile ile anayosomea tarehe ya kuzaliwa. Mstari wa kwanza uwe mwepesi, wa nne ndio mzito. Chini ya mistari minne mtazamaji hapati muda wa kuona kicheko kinakua. Ukifika minane anakuwa ameshaishiwa.

Yanayoharibika ni yale yale kila mara. Msomaji wa wasifu anaanza kukonyeza kamera, na akishafanya hivyo hakuna tena kitu cha kuvunja. Au kila aliye chini ya turubai anacheka, hivyo hakuna jicho kali la kumkazia yule mmoja. Au mwigizaji anaanza na kicheko kikubwa na hana pa kupandia. Kwa klipu ya simu ongeza hili: sauti ya msomaji isikatike anapoonyeshwa anayebana kicheko, kwa sababu sauti ile ndiyo inayomtesa.

Ya mwaka 1984 ni "Coach Buries a Grudge", ya Cheers. Coach, mhudumu wa baa, anaandaa kumbukumbu ya rafiki yake wa zamani wa besiboli, T-Bone Scorpageggione, pale pale kwenye baa, halafu anagundua kwamba huyo rafiki aliwahi kumtongoza mkewe. Hapa mpangilio umegeuzwa. Anayekuja juu ni msemaji mwenyewe: anaanza na sifa, katikati anageukia lawama, na waombolezaji nao wanakumbuka waliyotendewa na marehemu. Inachekesha sana, lakini ni ngumu kuigiza na watu wachache, kwani inahitaji umati unaoweza kubadilika kwa pamoja. Lloyd anautuliza kwa wimbo wa dini anaouanzisha Diane, mhudumu mwingine wa baa. Njia hiyo inafanya kazi popote pale ambapo watu wana wimbo wanaouheshimu wote.

Ya tatu, "Martin Does It His Way" ya Frasier, ya mwaka 1995, ina tatizo ambalo kila kamati ya mazishi inalijua: marehemu hakupendwa. Shangazi Louise alikuwa mkali, na Frasier, mhusika mkuu, amepewa kazi ya kumsifu bila kuwa na sifa ya kutaja. Upande wa pili, baba yake Martin ameficha mashairi ya nyimbo aliyotaka yaimbwe na mwimbaji maarufu Frank Sinatra, na Sinatra hayapati. Hadithi hizi mbili hazigusani mpaka Frasier anapokwama mbele ya watu. Martin anasimama na kuimba wimbo wake pale pale mazishini, kwaya ikimwitikia. Sifa zilizokosekana zinapatikana kwenye wimbo ulioandikwa bila kumfikiria shangazi hata kidogo. Ujifunze hapa kutunza hadithi ya pili: iingie mapema, ionekane ndogo, na isitajwe tena kwa muda kabla ya kuhitajika.

Kwa vikundi vya redio kuna "Ham Radio", ya Frasier pia, ya mwaka 1997. Si msiba, ingawa maiti ni wengi: mchezo wa redio unaharibika hewani mpaka Niles, mdogo wake Frasier, anawamaliza wahusika wote kwa risasi. Kila kasoro imepandwa mapema. Kati ya waigizaji wa mchezo huo, Roz ametoka kwa daktari wa meno na mdomo una ganzi, Bulldog anaingiwa na hofu, Gil hajasamehe kukatiwa hotuba yake ndefu. Andika kasoro tatu kabla hamjaingia hewani, kila moja kwa mtu wake, na usiongeze ya nne katikati.

Anza na ya Chuckles, msimu wa 6, episodi ya 7. Itazame mara moja kwa kucheka, na mara ya pili umtazame mchungaji peke yake.