Daftari la Kwenye Basi la Shule

Nilifika North Dakota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mwaka 2013 nikiwa na miaka kumi. Baba alikuwa ametangulia, akiendesha lori la maji kwenye visima vya mafuta vya Bakken. Mji wetu mdogo, karibu na mpaka wa Montana, ulikuwa umefurika watu wa kuja: wanaume kutoka Texas na Louisiana, wengine wakilala ndani ya magari yao. Wale walizoeleka upesi. Mimi niliendelea kuwa mgeni.

Darasani nilikuwa mweusi peke yangu, lakini huko kulikuwa na nafuu. Balaa ilikuwa kwenye basi. Mvulana mmoja aliziba pua kila nikipita, mwenzake akalia kama nyani, basi zima likaangua kicheko. Kilichoniuma zaidi ni dereva, ambaye macho yake hayakutoka barabarani. Nikaanza kusingizia tumbo. Mama aliniamini siku tatu.

Baba si mtu wa kubembeleza. Alinipa daftari. "Ukisema wanakusumbua, watajibu ni utoto. Andika tarehe, mahali, neno lenyewe, na nani alilisikia." Niliandika wiki tatu. Ajabu ni kwamba nikitoa tu kalamu, baadhi yao walishusha sauti.

Wazazi wangu wakaenda kwa mwalimu mkuu na kurasa saba. Mwanzoni alitabasamu, akasema watoto watazoeana. Baba, kwa Kiingereza chake cha madereva wa malori, akamweleza kwamba Sheria ya Haki za Raia ya 1964, sehemu ya sita, inakataza ubaguzi wa rangi katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na kwamba tulikuwa na siku 180 za kupeleka malalamiko Wizara ya Elimu. Alikuwa amefundishwa hayo na dereva mwenzake. Tabasamu likakatika. Wiki iliyofuata basi likapata msimamizi, na kila mtoto akapangiwa kiti.

Mimi nilipangwa na msichana wa Kihidatsa, mojawapo ya makabila ya asili ya Marekani, ambaye bibi yake alikuwa anaishi Fort Berthold, kwenye eneo lililotengewa wenyeji wa asili. Siku nyingi hatukuongea. Halafu asubuhi moja akaniuliza kama nami huambiwa nirudi kwetu.

"Kila siku," nikamjibu.

"Hata mimi," akasema, akacheka mpaka akaegemea dirisha, nje theluji imefunika mashamba yote.