Bhabhi kanifichia dagaa

Jana usiku, huku India ninakosoma, nusura nifukuzwe nyumba kwa kikaango kimoja cha dagaa. Wenyewe mnawajua dagaa wa Mwanza, wakiguswa na mafuta ya moto hawana siri. Binamu yangu aliniletea, nikavumilia wiki tatu, jana nikashindwa. Nikafunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kanga, nikakaanga. Haikupita hata dakika tano, Masi mwenye nyumba yuko chini ya ngazi anafoka kwa Kigujarati. Hawa hawali nyama wala samaki; nyumba hii haijawahi kuingia hata yai.

Mara nikamsikia mkaza mwana wake anajibu kwa upole: "Mummy, ni mtaro wa jirani, umeziba tena." Masi akamlaani jirani wee, akarudi kwenye bembea yake ya sebuleni. Mimi huku juu nimeganda, mwiko mkononi.

Mnaojipanga kuja India kusoma, kabla hujalipa kodi uliza kuhusu nyama, samaki na mayai, kila kimoja kwa jina lake. Na mwenye nyumba akujazie fomu ya kuripoti kuwa anakaa na mgeni, ile iliyozoeleka kwa jina la Fomu C, la sivyo ofisi ya wageni itakuzungusha hadi uchoke. Mimi nilisikia rupia 8,000 kwa mwezi, hapa Vadodara, chumba na jiko, nikafikiria Sinza, nikalipa mbiombio. Kumbe hela nyingine nalipa kwa tumbo.

Huyo mkaza mwana namwita Bhabhi, kama wifi yake anavyomwita. Miezi kumi nimekaa juu ya vichwa vyao namsikitikia. Saa kumi na moja alfajiri jiko lake limeshawaka. Saa tatu yuko benki, kazini. Jioni akirudi anabadilisha nguo tu, anaingia jikoni. Chapati zao, rotli, ni nyembamba kama karatasi, na hapa hakuna habari ya kupika zote ukaziweka kwenye hotipoti. Zinaliwa moja moja zikitoka motoni. Anasukuma, anageuza kwenye chuma, anaiweka juu ya moto wenyewe inavimba kama puto, anaipaka samli, anaiwahisha mezani kwa baba mkwe. Anarudi jikoni. Ya mume. Anarudi. Ya Masi, ya wifi. Wote wakishashiba ndipo anakaa, peke yake, na mbili za mwisho. Sasa ana mimba ya miezi sita na bado anasimama.

Mimi nasoma sheria, basi kimbelembele kikanipanda. Nikamfuata darini, anakoendaga kuongea na mama yake kwa simu, maana kwingine kote kuna masikio. Nikamwambia mke kumpelekea mume mahari kumepigwa marufuku huku tangu 1961. Nikamwambia sheria ya 2005 ya kuwalinda wanawake na ukatili wa nyumbani inampa haki ya kuishi ukweni hata kama jina lake halimo kwenye hati, na Mahakama ya Juu 2020 ikasema hata nyumba ikiwa ya mkwe. Akacheka. "Ben, hakuna anayenifukuza. Mimi nataka kukaa chini tu."

Dhahabu aliyokuja nayo ni mali yake kisheria. Iko kwenye sanduku la benki, ufunguo anao Masi.

Nikaona nimwoneshe kwetu tulivyo mbele: kwetu mwanamume ndiye anayetoa mahari. Akashangaa kweli. Kisha akauliza, "Halafu ukishalipiwa, unampikia nani?" Nikamkumbuka dada yangu kule Muheza na mavyaa wake, nikaangalia nguo zilizoanikwa.

Na Masi si mtu mbaya, lazima niseme. Nilipougua dengi alinipandishia khichdi, wali uliopondwa na dengu, siku nane mfululizo, kwa magoti yale yanayomuuma. Alikuja nyumba hii ana miaka 19, na mbele ya baba mkwe alijifunika uso hadi mzee alipofariki. Nadhani akimtazama Bhabhi anavyotoka na pikipiki kwenda benki anaona mtu aliyedekezwa. Bhabhi mwenyewe hataki kuhama. Mtoto akizaliwa, anasema, bibi yupo, babu yupo, yeye anarudi kazini. "Wewe huko Dar utamwachia nani?" Mnaojua dada wa kazi siku hizi anataka shilingi ngapi, na anakaa miezi mingapi, nijibieni.

Mwezi ujao watamfanyia sherehe ya mimba ya miezi saba, kisha anakwenda kwa mama yake Rajkot, maana kwa desturi yao mtoto wa kwanza anazaliwa kwa kina mama, kama kwetu tu. Miezi mitatu minne bila rotli ya mtu. Begi ameshalitoa juu ya kabati.

Leo asubuhi nimemkuta darini anaanika. Akachungulia ngazini kwanza, kisha akaninong'oneza: dagaa waliobaki niwamalize kabla hajaondoka, akishaenda hakuna atakayeusingizia mtaro.